Udongo wa Kariakoo na Bonde la Msimbazi

Udongo wa Kariakoo ni kichanga kilicholetwa na bahari na mito, kikatandazwa juu ya uwanda wa pwani ambao sasa umebeba katikati ya jiji la Dar es Salaam. Leo sehemu kubwa imefunikwa na lami, zege na kifusi. Hata hivyo, kila unapochimbwa msingi wa ghorofa jipya, mchanga hujitokeza tena, wenye matabaka ya mfinyanzi katikati.

Udongo ni mwamba uliooza, lakini si mwamba peke yake. Mwaka 1941 mtaalamu Hans Jenny alitaja mambo matano yanayouumba: mwamba asili, hali ya hewa, viumbe hai, umbo la ardhi na muda. Dar es Salaam nzima ina hali ya hewa moja: joto mwaka mzima, masika na vuli, na mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo tofauti za udongo kati ya mtaa na mtaa zatokana zaidi na asili ya mwamba na mwinuko wa mahali.

Uhusiano huu wa udongo na mwinuko ulielezwa vizuri hapa hapa Tanganyika. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alitambua kwamba udongo wa kileleni, wa mtelemko na wa bondeni hufuatana kwa mpangilio uleule kutoka kilima hadi kilima. Mwaka 1935 aliupa mfuatano huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wanasayansi wa dunia nzima hulitumia hadi leo, na inafaa wanafunzi wetu wajue kwamba lilizaliwa katika ardhi yao.

Mfano wake waweza kuufuata kutoka Pugu kuelekea baharini. Vilima vya Pugu ni vya mawe ya mchanga yenye udongo mweupe wa kaolini. Mvua ya zama nyingi imeyaosha. Chokaa na chumvi zimekwenda na maji, chuma kikabaki na kushika kutu, ndiyo maana udongo wa juu una wekundu. Ukishuka hadi Kariakoo unakuta kichanga cha uwandani: maji hupenya upesi, na rutuba hupenya pamoja nayo. Minazi hustahimili udongo wa namna hiyo, nayo ilistawi eneo hili kabla ya mji kulifikia na kabla kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, hakijaliachia jina lake baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Hatua chache magharibi mambo hubadilika kabisa. Jangwani, licha ya jina lake, ndiko maji yanakokusanyika. Mto Msimbazi hutua hapo mzigo wake: chembe laini sana, nzito, nyeusi, zinazovimba zikilowa na kupasuka zikikauka. Bonde hilo limejengwa na mafuriko, na mafuriko hurudi. Baada ya yale ya Desemba 2011 wakazi wengi walihamishiwa Mabwepande. Karibu na Daraja la Salenda chumvi ya bahari huingia na mikoko huanza, na mbele zaidi, Oyster Bay na Msasani, chini kuna mawe ya matumbawe.

Tukirudi Kariakoo, soko lake lililofunguliwa mwaka 1975, kazi ya msanifu Beda Amuli, lina shimoni kubwa ndani ya kichanga cha hapo. Bidhaa zake zimebeba udongo wa kwingine: viazi vya nyanda za juu na mchele wa Kyela, mahali ambapo majivu ya volkano na matope ya mito yameipa ardhi rutuba ambayo kichanga cha pwani hakina.

Mchicha, kinyume chake, hutoka karibu, mwingi mabondeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 juu ya mboga za kandokando ya mito Sinza na Msimbazi ulikuta ndani yake risasi na kadimi. Mfinyanzi hushika metali hizo kwa nguvu, kwa hiyo hukaa muda mrefu. Kuosha mboga huondoa vumbi tu. Metali iliyokwisha kupanda kwenye jani haiondoki kwa maji. Kwa hiyo taka za viwanda na gereji zizuiwe kabla hazijafika mtoni.