Kompyuta Zilipofunzwa Kunyamaza
Miaka ya 1990, aliyeingia kutoka mbali kwa Telnet kwenye kompyuta ya Linux alilakiwa kwa ukarimu uliopita kiasi. Kabla hajaulizwa jina, skrini ilishamtajia kila kitu: Red Hat Linux 6.0, kerneli 2.2.5-15, prosesa i686. Maneno hayo yalikaa kwenye faili mbili, /etc/issue kwa aliyeketi mbele ya mashine na /etc/issue.net kwa aliyetoka mbali.

Mdukuzi akishajua toleo, anajua na matundu yake.

Basi mafundi wakaanza kuyafuta maneno hayo. Watumiaji wa Red Hat walipata kero ya pekee: mashine ikiwashwa upya, maelezo yanarudi yaleyale, kwani skripti ya rc.local iliyaandika tena kila mara. Ilibidi waifungue skripti yenyewe, waizime mistari husika kwa alama ya reli, ndipo waweke onyo lao kwa wasio na ruhusa.

Kinga yenyewe ilikuwa nyembamba. Mwaka 1998 programu ya kuchunguza mitandao, Nmap, ilianza kutambua mfumo endeshi kwa jinsi mashine inavyojibu pakiti za mtandao, bila kusoma neno lolote la ukaribisho. Nayo SSH, iliyochukua nafasi ya Telnet na kuzaliwa Finland mwaka 1995, hutangaza toleo lake mwanzoni mwa mawasiliano. Mfumo wa Linux wa Debian umeongeza mpangilio wa DebianBanner, unaoweza kuficha angalau sehemu inayoitaja Debian.