Utitiri wa Nyoka wa Kifungoni

Nyoka aishiye mwituni ana maadui wengi, nao wamekwisha tajwa katika ngano na katika vitabu: kipanga, nguchiro, moto wa kichaka, na fimbo ya mwanadamu, ambaye aghalabu hupiga kwanza akauliza baadaye. Lakini nyoka aliyetiwa sandukuni, akalishwa panya na kutazamwa kwa kioo, ana adui mwingine asiyefika hata milimita moja na nusu kwa urefu, ambaye huko mwituni ni mgeni wa kupita tu, na humu kifungoni hugeuka mwenye nyumba. Adui huyo ni utitiri. Wafugaji wa nyoka wa Ulaya na Marekani wamepigana nao kwa karne moja na nusu na zaidi, kwa maji, kwa mafuta, kwa vumbi na kwa sumu za kila namna. Na tarehe ya vita hivyo yastahili kuandikwa, maana ndani yake mna dawa kadha wa kadha zilizoua utitiri vizuri kabisa, na nyoka pamoja nao.

Mtu wa kwanza kuuelezea utitiri huu kwa kaida za elimu alikuwa Mfaransa, Paul Gervais, mwaka 1844, naye aliuweka katika jamaa moja na utitiri wa kuku, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuinua kuku atamiaye akaona mkono wake umetambaa vidudu hadi kiwikoni hatamlaumu kwalo. Miaka 40 hivi baadaye Mfaransa mwingine, Pierre Mégnin, tabibu wa farasi wa jeshi, ambaye sifa yake kubwa ilitokana na kuchunguza wadudu waingiao katika maiti ili mahakama zipate kujua marehemu alikufa lini, aliutenga utitiri wa nyoka na kuupa jamaa yake peke yake. Hapo basi adui alikuwa amepata jina. Dawa yake ilikuwa bado.

Baina ya mabwana hawa wawili palitokea jambo lililoupa utitiri neema ambayo haukupata kuiona tangu kuumbwa. Mwaka 1849 Chama cha Elimu ya Wanyama cha London kilifungua, katika bustani yake ya Regent's Park, nyumba ya wanyama watambaao, ya kwanza ya namna yake duniani, na watu wakamiminika kwenda kuwatazama chatu na swila nyuma ya vioo. London ni mji wa baridi, na nyoka hana joto lake mwenyewe. Kwa hiyo walinzi, kwa huruma ya kibinadamu, waliwapa nyoka wakubwa mablanketi ya sufu wajifunike. Jambo hili si mzaha, kwa kuwa mwaka 1851 chatu mmoja wa Marekani ya Kusini katika nyumba hiyo alilimeza blanketi lake zima, akakaa nalo tumboni kwa muda wa wiki kadhaa kisha akalitapika, na habari zake zikasomwa kote Uingereza kwa kicheko. Watu walimcheka chatu, wala hawakulitazama blanketi. Na lau mtu angalitaka kwa makusudi kuujengea utitiri kasri, angalifanya nini zaidi ya hayo: sanduku la mbao lenye mianya, vuguvugu la mchana na usiku, unyevu wa bakuli la maji, kitambaa kizito cha kujifichia, na chakula kilicholala juu yake kisichoweza kukimbia?

Hapa ndipo ilipo siri ya jambo zima, nayo ilichukua zaidi ya miaka 100 kufahamika sawasawa. Joseph Camin, mtaalamu wa Kimarekani ambaye utafiti wake ulipigwa chapa na Chuo cha Sayansi cha Chicago mwaka 1953, aliufuata utitiri hatua kwa hatua tangu yai hata utu uzima, akaonyesha kwamba mdudu huyu hamwishii nyoka hata kidogo, bali humtembelea. Yai hutagwa nje ya nyoka, katika ufa wenye giza na unyevu. Hutoka humo kitoto chenye miguu 6 kisichokula kitu. Baada ya kujivua hupata miguu 8, na hapo njaa humpanda, akapanda na yeye kumtafuta nyoka. Akishiba damu hushuka, akajificha, akajivua tena, akapita daraja nyingine ya saumu, na ndipo awe mkubwa, arudi kunywa, na jike ashuke tena kutaga. Katika joto la nyuzi 25 safari yote hiyo hutimia kwa wiki mbili na siku chache, na jike mmoja katika maisha yake huweza kuacha mayai 60 na zaidi. Yule mdogo wa miguu 8 akikosa nyoka huweza kungoja karibu mwezi mzima bila kuonja chochote. Msomaji wa huku kwetu hatapata taabu kufahamu mwenendo huu, kwa kuwa papasi wa nyumba za udongo, aliyewaletea wapagazi na wasafiri homa tangu enzi za misafara, alikuwa na tabia ile ile ya kukaa ufani mchana na kumjia mwenye kitanda usiku, na mwenye akili hakumtafuta papasi mwilini mwa mgonjwa, alimtafuta sakafuni.

Lakini mfugaji huona nyoka kabla hajaona ufa, na jicho ndilo lililotawala tiba kwa muda mrefu. Dalili zenyewe ni bayana kwa mtu azijuaye. Nyoka ambaye desturi yake ni kulala juu ya ukuni hushinda ndani ya bakuli la maji, amejikunja, pua tu ndiyo iko nje. Na asubuhi chini ya bakuli huonekana chembe nyeusi kama baruti, nazo ni utitiri uliozama. Magamba huwa na vumbi jeupe, ambalo ni mavi ya utitiri. Ukimtazama karibu huona ukingo wa jicho umevimba, na kati ya gamba la jicho na ngozi pamejipanga vidudu vyekundu vilivyojaa damu, vichwa ndani na migongo nje; na ukimpitisha taratibu katika kitambaa cheupe kilicholowa, kitambaa hutoka na madoa yatembeayo. Nyoka huacha kula, hujisugua kila mahali, na gamba lake hutoka vipande vipande badala ya kutoka zima. Wakati mwingine utitiri humpanda mfugaji mwenyewe na kumwacha na vipele vya kuwasha mikononi.

Tiba ya zamani zaidi ilikuwa maji ya vuguvugu, nayo ni tiba ambayo nyoka mwenyewe alimfundisha mfugaji. Kasoro yake ni kwamba nyoka hawezi kuzamishwa kichwa, na utitiri wenye busara hukimbilia kichwani. Ndipo yakaja mafuta, hasa mafuta ya zeituni, ambayo hupakwa mwili mzima hata yaingie chini ya magamba na kuziba matundu ambayo mdudu huvutia pumzi. Mafuta hufanya kazi; na nyoka aliyepakwa mafuta, akarudishwa katika sanduku lile lile lenye mayai katika kila pembe, alikuwa na amani ya siku chache, kisha mambo yakaanza upya.

Kwamba jambo hili si la kuwasha tu kulidhihirika mwaka 1948, wakati Camin huyo huyo, kabla ya kitabu chake kikubwa, alipoonyesha kwamba utitiri huweza kubeba vijidudu vya maradhi ya kuoza damu kutoka nyoka mmoja hadi mwingine. Bustani za wanyama zilizokuwa zimezoea kupoteza chatu mmoja baada ya mwingine kwa maradhi yasiyoelezeka zilipata la kufikiri, na kuanzia hapo haja ya kuua utitiri ikawa ya dharura. Na dharura, kama ijulikanavyo, humpeleka mtu kwenye chupa kali.

Nyakati hizo chupa kali zilikuwa nyingi. D.D.T., ambayo nguvu yake juu ya wadudu iligunduliwa na Paul Müller wa Uswisi mwaka 1939, ilikuwa imetoka vitani na sifa za mshindi, na kila mwenye mdudu aliinyunyiza. Wenye nyoka walijifunza upesi kwamba dawa imwingiayo mdudu kwa ngozi humwingia na nyoka. Iliyokuwa na upole zaidi ilikuwa pareto, na hapa tarehe hii ya masanduku ya London na Chicago inagusa ardhi yetu. Maua ya pareto yalikuwa biashara ya Dalmatia, kisha ya Japani. Lakini Vita vya Pili vya Dunia vilipoufunga mlango wa Japani, nyanda za juu za Kenya, ambako zao hili lilikuwa limeanza kupandwa mwishoni mwa miaka ya 1920, zikawa ghala la dunia, na Tanganyika ikafuata katika nyanda zake za kusini. Mama wa Molo au Kinangop aliyeinama katika baridi ya asubuhi akichuma maua meupe na kuyatia kikapuni hakuwa na habari, wala hapana aliyemwambia, kwamba baadhi ya unga wake ulikwenda kunyunyizwa katika nyumba za chatu. Alilipwa kwa uzito, na kwa kweli alilipwa kidogo. Mwaka 1973 wataalamu wa Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walipata kutengeneza permethrini, ambayo ni mfano wa pareto uliopikwa maabarani na ambao jua haliuharibu upesi; nayo ndiyo hata leo imo katika baadhi ya dawa za kunyunyizia masanduku ya nyoka.

Kwa maoni yangu hila iliyokuwa ya hekima kuliko zote haikuwa sumu kabisa. Kiasi cha mwaka 1960 mtaalamu wa Kalifonia aitwaye Tarshis alijaribu vumbi jepesi mno la silika, ambalo halimsumishi mdudu. Humfyonza nta nyembamba iliyofunika mwili wake, na mdudu aliyevuliwa nta hupotewa na maji yake, akakauka. Vumbi hilo lilitiwa katika mianya, yaani pale pale Camin alipokuwa ameonyesha. Lakini lilikuwa la kuudhi, lilipeperuka, lilimkausha nyoka naye na kumwingia mfugaji puani, na watu wakaliacha mara tu walipopata kitu chepesi zaidi.

Kitu hicho kilikuwa utepe wa plastiki ya manjano uliotiwa dichlorvosi, uliotengenezwa ili kuning'inizwa majumbani kuua inzi. Mfugaji alikata kipande, akakitia katika kikopo chenye matundu ili nyoka asikiguse, akakiweka sandukuni, akafunga. Na mvuke ukaingia kila ufa. Hapana dawa iliyopendwa hivyo na wafugaji wa miaka ya 1970. Hapana pia iliyohitaji hadhari hivyo, maana mvuke huo hushambulia mishipa ya fahamu ya kila kiumbe, na mtu aliyekisahau kikopo siku moja zaidi, au aliyeacha bakuli la maji ndani likafyonza sumu, alimkuta nyoka wake amelala chali akitetemeka, hajui juu wala chini.

Baada ya mvuke ikaja sindano. Ivermectini, iliyopatikana katika udongo wa Kawana, Japani, na kuingia sokoni mwaka 1981 kwa ajili ya mifugo, ndiyo dawa ile ile ambayo watu wa Mahenge humeza ili kujikinga na upofu wa usubi. Matabibu wa wanyama waliichoma nyoka, ikaua utitiri. Wakawachoma na kobe, na kobe wakapooza wakafa. Taarifa ya mwaka 1983 iliyatangaza hayo, na tangu hapo hapana tabibu mwenye elimu anayethubutu kumpa kobe.

Wafugaji wa leo, ambao wengi wao hufuga chatu wadogo waliotolewa kwa maelfu Ghana, Togo na Benin na kurundikwa pamoja njiani, wamerejea polepole kwenye sanduku. Mgeni hutengwa miezi kadhaa katika chombo cha plastiki kisicho na ufa, juu ya karatasi nyeupe ambayo doa jeusi haliwezi kujificha; mbao hutupwa au huchemshwa, maana joto la nyuzi 50 na zaidi haliachi yai; na mfugaji humshika mgeni wa mwisho, akiisha kuwahudumia wengine, kisha akabadili kanzu. Na baadhi yao sasa hununua, kutoka kwa wauzao dawa za mabustani ya vioo, utitiri wa aina nyingine, ulao utitiri. Humwagwa sakafuni mwa sanduku pamoja na udongo wao, nao hawamgusi nyoka. Huingia katika mianya ile ile, wakala mayai na watoto, na wakikosa chakula hufa wenyewe. Sharti lao ni moja, nalo huwatia wafugaji wa zamani tabu kubwa: palipopuliziwa dawa yoyote katika wiki zilizotangulia, hawaishi.