Hila ya Fundi na Hila ya Mkopeshaji

  

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, kijana katika wanafunzi wangu alibaki msikitini akinisubiri. Ni kijana mwenye mkono wa ufundi. Redio mbovu za mtaa huletwa kwake, naye huzifungua, akaunga waya, akazirudisha zikisema. Safari hii alikuja na suala la fiqhi. Alitaka kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani kwao ili ndugu zake wapate kusoma. Dukani aliambiwa kuwa bei taslimu ni shilingi 120,000. Kwa mkopo ni 150,000, yaani 25,000 kila mwezi kwa miezi sita, na kila wiki ya kuchelewa inaongezwa 5,000. Kisha muuzaji akamnong'oneza: ikiwa haja yake ni fedha, atie saini mkataba wa mkopo, na duka litakinunua kifaa hicho hicho papo hapo kwa 100,000 taslimu.

Akaniuliza: "Sheikh, hii ni biashara au ni riba?"

Ndugu msomaji, jibu la suala hili lina historia ndefu, na historia hiyo imebebwa na neno moja: hila.

Katika Kiswahili, hila haina sifa njema. Mtu wa hila ni mtu wa kuogopwa. Lakini katika Kiarabu neno hili asili yake ni kugeuza jambo kutoka hali moja kwenda nyingine, na wanavyuoni wa zamani walilitumia kwa elimu mbili. Ya kwanza ni elimu ya mitambo. Mjini Baghdad, katika karne ya 3 Hijria, ndugu watatu waliojulikana kama Banu Musa, nao ni Muhammad, Ahmad na Hasan, waliandika Kitabul Hiyal, chenye kueleza vyombo vipatavyo 100 vinavyoendeshwa kwa maji, hewa na vizibo. Mwaka 602 H (1206) Ismail al-Jazari, aliyewatumikia watawala wa Diyar Bakr, alikamilisha kitabu chake cha mitambo 50. Humo mna saa ya tembo, mna chombo cha kummiminia mfalme maji ya udhu kwa kuwa hakupenda kumiminiwa na mtumishi, na mna kufuli ya sanduku inayofunguka kwa kupanga herufi. Hiyo ndiyo hila ya fundi, na hakuna aliyeilaumu.

Elimu ya pili ni ya mafakihi. Katika karne hiyo hiyo ya 3, mji huo huo wa Baghdad ulikuwa na Imam Abu Bakr al-Khassaf, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki mwaka 261 H. Laqabu yake ni ya ushonaji viatu, na inaelezwa kuwa alikula kwa kazi ya mikono yake. Yeye hunasibishiwa kitabu cha hiyal za kisheria, yaani njia za kumtoa Muislamu katika dhiki bila ya kuvunja hukumu. Na asili ya njia hizo ipo. Mtume (s.a.w.) alipoletewa tende nzuri za Khaybar zilizobadilishwa kwa tende duni nyingi zaidi, aliukataza ubadilishaji huo. Akaelekeza kwamba tende duni ziuzwe kwa dirhamu, kisha dirhamu zinunue zile nzuri. Haja ikapatikana, na riba ikaepukwa.

Lakini mlango ukishafunguliwa hauchagui anayepita. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 H, naye aliweka Kitabul Hiyal ndani ya Sahihi yake. Akakianza kwa mlango wa kuziacha hila na kwa hadithi ya nia, kwani alikwisha kuona watu wakilitumia umbo la mkataba kuificha riba.

Mashuhuri katika hila hizo ni bei ya ina: nakuuzia kitu kwa deni la 150, kisha nakinunua kwako kwa 100 taslimu. Kitu kimekwenda na kurudi, na kilichobaki ni 100 ya leo kwa 150 ya kesho. Maimamu Abu Hanifa, Malik na Ahmad waliizuia. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yetu watu wa pwani, aliangalia dhahiri ya mikataba. Kwake, bei mbili zisizofungamanishwa kwa sharti kila moja ni sahihi peke yake. Jambo hili lilivuka bahari hadi Ulaya, kwani neno la Kiarabu mukhatara liliingia Kihispania kwa umbo la mohatra, na mwaka 1656 Blaise Pascal wa Ufaransa aliwakejeli makasisi waliokuwa wakiihalalisha.

Na sisi tusijitoe. Katika karne ya 19, Unguja na Pemba, wenye mashamba ya karafuu waliohitaji fedha walikuwa wakiuza shamba au nyumba kwa bei ya khiyari, yaani kwa haki ya kuikomboa baadaye. Muuzaji alibaki humo humo akilipa kodi kwa mnunuzi. Katika karatasi ilikuwa ni bei na ijara. Katika mfuko ilikuwa ni mkopo na faida yake. Mali nyingi ziliondoka mikononi mwa wenyewe kwa njia hiyo.

Mikopo ya kununulia vitu vya nyumbani ikaja kwa sura mpya. Kampuni ya Singer ya Marekani ilianza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo mwaka 1856. Mwaka 1958 benki moja ya California iliwapelekea watu wapatao 60,000 wa mji wa Fresno kadi za mkopo. Ndipo Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha 6 mjini Jeddah mwaka 1990, likatoa uamuzi kuhusu bei ya malipo ya kidogo kidogo. Kwa mwanga huo nilimjibu kijana wangu.

Kwanza, bei ya 150,000 kwa mkopo inajuzu hata kama taslimu ni 120,000, kwa sharti muafikiane juu ya bei moja kabla ya kuachana. Pili, ile 5,000 ya kuchelewa ni riba, haina jina jingine. Ndiyo riba ya Jahiliya: lipa, au muda uongezwe na deni liongezwe. Tatu, huko kukinunua tena papo hapo ni ina. Na asijifunike kwa kivuli cha Imam Shafi, kwa sababu hapa muuzaji mwenyewe ndiye aliyezifunga bei mbili kuwa moja.

Akaniuliza pia juu ya simu na mitambo ya umeme wa jua inayojifunga mteja asipolipa. Nikamwambia kuwa kufuli si haramu kwa kuwa ni kufuli. Baraza lile lile liliruhusu muuzaji kushurutisha kitu kilichouzwa kiwe rahani ya deni lake. Kufuli hiyo naiona karibu na rahani, iwapo ilielezwa wazi katika mkataba. Tatizo huanza pale inapofungua kwa faini tu. Hapo hila ya fundi imekuwa mtumwa wa hila ya mkopeshaji.

Kijana alirudi dukani akaomba kifungu cha faini kifutwe. Walikataa, naye akaondoka. Baada ya siku kadhaa alinunua kwa fedha kidogo kifaa kilichotumika kisichowaka, akabadilisha kapasita mbili zilizovimba, kikawaka.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni. Inatuamrisha kuandika na kushuhudisha. Basi, ndugu imamu na ndugu mwanafunzi, mtu akikujia na mkataba wa mkopo usimjibu kwa jina lililoandikwa juu yake. Usome mpaka mwisho, kisha uulize: kitu kimebaki kwa nani, na nyongeza inalipa nini?

Wallahu a'lam.