Kwaresima kama Msimu wa Jumuiya katika Kanisa la Afrika Mashariki

Kwaresima ni kipindi cha siku arobaini kinachowaandaa Wakristo kwa Pasaka. Huanza Jumatano ya Majivu, siku 46 kabla ya sikukuu yenyewe. Jumapili sita zilizomo hazihesabiwi katika mfungo, kwa kuwa kila Jumapili ni ukumbusho wa ufufuko. Tarehe huhamahama kila mwaka kwa sababu Pasaka, kwa kanuni iliyotokana na Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, huadhimishwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake. Hivyo haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili.

Mara nyingi kipindi hiki huelezwa kama zoezi la mtu mmoja mmoja: anajinyima, anasali, anatoa sadaka, anaungama. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi kueleza namna Kwaresima inavyoadhimishwa Afrika Mashariki, hasa miongoni mwa Wakatoliki. Huku ni msimu wa jumuiya kuliko msimu wa nafsi ya mtu. Sababu zake ni za kihistoria na zinaweza kufuatiliwa; hakuna haja ya kukimbilia dai lililozoeleka kwamba Mwafrika kwa asili yake ni mtu wa ujamaa, dai ambalo halielezi kwa nini desturi fulani ilishika na nyingine ikafa.

Sababu ya kwanza ni ukatekumeni. Katika Kanisa la karne za mwanzo, Kwaresima ilikua pamoja na maandalizi ya watu wazima waliotaka kubatizwa usiku wa Pasaka, huku Wakristo wa zamani wakifunga pamoja nao. Ulaya ilipokuwa ya Kikristo na watoto wakabatizwa wachanga, maandalizi hayo yalikosa watu, na Kwaresima ikabaki toba ya waliokwisha kubatizwa. Afrika Mashariki ilipita njia nyingine. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, aliagiza mwaka 1879 kwamba wanaoomba ubatizo waandaliwe kwa miaka minne, kwa mfano wa Kanisa la kale. Mwaka huohuo wamisionari wake walifika Buganda. Walipoondoka mwaka 1882 na kurejea mwaka 1885, walikuta wanafunzi wao wameendelea kufundishana, na idadi yao imeongezeka. Miongoni mwa mashahidi wa Uganda waliouawa mwaka 1886 walikuwemo wakatekumeni waliobatizwa na mwenzao, Karoli Lwanga, siku chache kabla ya kuchomwa moto Namugongo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoamua kurudisha ukatekumeni wa watu wazima katika Kanisa zima, na ibada yake mpya ikatolewa mwaka 1972, parokia nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa tayari na uzoefu ambao Ulaya ilikuwa imeusahau. Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima wakatekumeni huteuliwa rasmi. Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano huombewa mbele ya waamini wote. Usiku wa Pasaka hubatizwa. Parokia yenye wakatekumeni humwona mbele ya macho yake mtu ambaye Kwaresima ni yake kwa maana ya asili. Mfungo wa wengine hupata wa kufungiwa.

Sababu ya pili ni Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Maaskofu wa shirikisho la AMECEA, lililoanzishwa mwaka 1961, walikutana Nairobi mwaka 1973 kupanga mwelekeo wa Kanisa katika ukanda huu, na mkutano wao wa mwaka 1976 ulifanya ujenzi wa jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha kichungaji. Kaya chache za jirani hukutana kwa zamu nyumbani, mara moja kwa wiki, zikiongozwa na mwenyekiti ambaye ni mlei. Kwaresima ndiyo kipindi ambacho mpango huu hufanya kazi kwa ukamilifu zaidi. Nchini Kenya, Tume ya Haki na Amani ya Baraza la Maaskofu Wakatoliki hutoa kila mwaka kijitabu cha kampeni ya Kwaresima chenye mada za kila wiki: rushwa, ardhi, uchaguzi, mazingira, familia. Jumuiya huzijadili kwa hatua tatu za kuona, kuamua na kutenda, mbinu iliyoenezwa na padre Mbelgiji Joseph Cardijn miongoni mwa vijana wafanyakazi. Dhambi inayotafakariwa hapo si hasira au uvivu wa mtu tu. Ni pia hongo inayotolewa kituo cha polisi na mpaka wa shamba uliosogezwa usiku.

Alama za msimu nazo hupitia mikononi mwa watu hao. Majivu hutokana na matawi yaliyobarikiwa mwaka uliotangulia, ambayo familia huyatunza nyumbani na kuyarudisha kanisani yachomwe. Jumapili ya Matawi yenyewe hufuata mimea ya mahali: pwani ni makuti ya mnazi, bara mara nyingi ni mkindu, uleule unaosukiwa mikeka. Njia ya Msalaba, ambayo vituo vyake 14 viliwekwa rasmi na Papa Klementi wa XII mwaka 1731, husaliwa kila Ijumaa, na Ijumaa Kuu aghalabu hutoka nje ya kanisa kupitia mitaa na vilima. Ngoma, kayamba na vigelegele hupunguzwa au hunyamaza kabisa. Harusi nazo husubiri, na kamati zake hupanga tarehe kwa kuangalia Pasaka itakuwa lini.

Mfungo wenyewe unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hapa kalenda iliyozaliwa kaskazini mwa ikweta hukutana na kalenda ya mvua. Pasaka huangukia daima ndani ya miezi ya masika, Machi hadi Mei. Katika nyanda zenye msimu mmoja wa mvua, Kwaresima hukuta ghala limepungua na mahindi bado shambani. Kumwambia mkulima wa namna hiyo apunguze mlo ni kumwagiza afanye ambalo njaa imekwisha kumfanyia. Papa Paulo wa VI alilitambua hilo katika waraka wake Paenitemini wa mwaka 1966: alitofautisha nchi zenye neema na nchi maskini, akazitaka za kwanza zishuhudie kwa kujinyima na kwa upendo, na waamini wa nchi maskini watolee mateso yao kwa sala huku wakitafuta haki ya kijamii. Sheria ya kufunga imebaki Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tu. Ndiyo maana katika jumuiya za vijijini uzito umehamia kwenye matendo: kumlimia mjane, kumpelekea mgonjwa kuni, kupatanisha majirani waliogombana.

Makanisa mengine yana njia zao. Walutheri wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huongeza ibada za katikati ya wiki. Wamoravian, ambao misheni yao ya Rungwe ilianza mwaka 1891, wamerithi desturi ya kuisubiri alfajiri ya Pasaka makaburini, iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732.

Mpango wa jumuiya una kasoro ambayo watetezi wake huipitia haraka. Mahali pengi mahudhurio huandikwa, na mtu anayeomba ubatizo wa mtoto, ndoa au hata mazishi huulizwa kwanza jumuiya yake na michango aliyolipa. Kwaresima ikiingia katika utaratibu huo, toba hugeuka kuwa kumbukumbu ya daftari, na maskini, ambaye msimu ulikusudiwa kumwinua, ndiye anayekwepa mkutano kwa aibu ya kutokuwa na bahasha. Kasoro hii haitokani na wazo la jumuiya. Inatokana na kuifanya ofisi ndogo ya parokia.

Kasoro nyingine iko upande wa pili wa Pasaka. Utaratibu wa ukatekumeni unataka wabatizwa wapya waendelee kufundishwa kwa siku hamsini hadi Pentekoste, wakisindikizwa na jumuiya iliyofunga pamoja nao. Lakini siku hizo ndizo za palizi vijijini, na mijini ndizo za harusi zilizokuwa zikingoja. Mikutano hupungua, katekista hurudi shambani kwake, na mbatizwa mpya hujikuta peke yake katika kipindi ambacho Kanisa la kale lilikihesabu kuwa sehemu ya mafundisho.