Ni Nani Hutuma Homa?

Ukimgusa mtoto ukamkuta na joto jingi, wasema ameshikwa na homa. Leo tuulize homa hiyo hutumwa na nani, maana wataalamu walihangaika miaka mingi kumjua.

Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kijidudu kikigusa utando wa seli, habari lazima ifike kwenye kiini, mahali maagizo yanapohifadhiwa. Mwaka 1986, huko Marekani, Ranjan Sen na David Baltimore walikuwa wakichunguza seli zinazotengeneza kinga, wakapata protini waliyoiita NF-kappa B. Hawakujua bado kuwa wamemshika tarishi mwenyewe. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba tarishi huyu hukaa amefungwa na protini nyingine, kama mbuzi kwenye kamba. Ni vyema, la sivyo tungewaka moto kila siku.

Basi nani hukata kamba? Jibu lilikuja 1997. Ni protini zinazofanya kazi pamoja, ziitwazo kinasi. Habari ikifika, kinasi hubandika fosfati kwenye ile protini inayofunga, nayo ikishatiwa alama huvunjwavunjwa. Tarishi huingia kwenye kiini, na seli huanza kutengeneza kemikali za kuita askari wa mwili. Nyingine husafiri kwa damu, na ubongo ukipata habari hupandisha joto. Mwaka 1998 akapatikana mwenzao, NEMO. Yeye habandiki kitu, lakini asipokuwepo wenzake hukaa kimya.

Hapa, mama, tega sikio. Mwaka 2000 ilijulikana kuwa wako watoto, hasa wavulana, wanaozaliwa na NEMO yenye kasoro. Nywele zao ni chache, meno yana ncha, jasho ni haba, na maambukizi makali huwarudia. Baadhi yao huugua vibaya bila uvimbe wala homa kama ya wengine.

Ugonjwa huo ni nadra sana. Lakini mtoto mchanga, au mwenye utapiamlo mkali, naye anaweza kuwa na maambukizi ya hatari huku ngozi yake ikiwa baridi. Akikataa kunyonya, akilegea, akipumua kwa kasi au akishikwa na degedege, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama umemgusa na hana joto.