Kuanguka kwa Wazee Ngazini, Kawangware na Kibera

Kuanguka ngazini ni ajali inayompata mtu anapopoteza mizani akipanda au akishuka vidato, na kwa mzee huweza kuvunja nyonga, yaani kiungo kinachounga paja na kiwiliwili, au kujeruhi kichwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kuanguka kwa kila namna huua watu 684,000 kwa mwaka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Magharibi mwa Nairobi tatizo hili limekuja pamoja na ghorofa. Kawangware, ikiwemo sehemu iitwayo 56, vyumba vya mabati vilivyopangana kwenye ploti vimekuwa vikipisha fleti za kupangisha ambazo nyingi hazina lifti. Na mwaka 2009 mradi wa serikali wa kuboresha makazi ulianza kuwahamishia wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, katika majengo ya ghorofa tano huko Lang'ata.

Kushuka ni hatari kuliko kupanda, kwa kuwa uzito wote hubaki juu ya goti moja lililokunjwa huku mguu wa pili ukitafuta kidato cha chini, na mzee mwenye mtoto wa jicho, ule ukungu unaotanda kwenye lenzi, haoni vizuri ukingo wa saruji, sembuse stima inapopotea. Mguu nao huzoea kimo cha vidato vya kwanza na kutarajia vinavyofuata vilingane, hivyo kidato ambacho fundi alikizidisha kidogo tu hutosha kumkwaza. Maji yakikatika mferejini, mtungi wa lita 20, wenye uzito wa takribani kilo 20, humvuta mbebaji upande mmoja na kumnyima mkono wa kushika reli, kama reli ipo. Kusema basi kwamba mzee ameangushwa na uzee ni kulisamehe jengo mapema mno.

Kuyarekebisha majengo kwa sheria huchukua muda: kanuni za ujenzi za mwaka 1968 ndizo zilizotumika Kenya hadi zilipotolewa mpya mwaka 2024, ilhali kufunga reli ya chuma ngazini ni kazi ambayo fundi yeyote wa kuchomelea mtaani huimudu.

Nyonga iliyovunjika kwa kawaida huhitaji upasuaji. Mgonjwa asiyeupata hulala muda mrefu, akikabiliwa na vidonda vya mgongoni na nimonia, na hata anayepona hurudi kwenye ngazi zile zile, isipokuwa familia impatie chumba cha chini.