HELIKOPTA YA BOKSI NA HELIKOPTA YA WAYA

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii nataka tuzungumzie mchezo, tena mchezo wa kuunda. Nataka tuziweke helikopta mbili juu ya meza moja. Ya kwanza ni ya plastiki, imetoka kiwandani ng'ambo ikiwa vipande vipande ndani ya boksi. Ya pili ni ya waya, imetoka Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, kando ya barabara itokayo Tabora kwenda Nzega. Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya watoto, mtu mzima anayatakia nini? Naomba mnivumilie, kwani ndani ya vitu hivi viwili vidogo imo historia ndefu, na limo swali ambalo bado hatujalijibu.

Tuanze na ya boksi. Huko Ulaya, Marekani na Japani wako watu wazima, wengine wana wajukuu, ambao jioni huketi mezani na kisu kidogo, gundi na brashi wakiunganisha ndege, meli na vifaru vidogo. Ukifungua boksi unakuta vipande vimeshikana kwenye fremu za plastiki, karatasi ya maelekezo, na alama za kubandika kwa maji. Rangi na subira ni juu yako.

Kiwanda kinachojulikana zaidi Uingereza ni Airfix, kilichoanzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria. Hakikuanza na ndege. Kilianza na vichezeo vya mpira vya kujaza hewa, kisha kikaingia katika vitana vya plastiki. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kikatengeneza mfano wa trekta la Ferguson, ili mawakala wa matrekta hayo wawaonyeshe wateja. Kuliunganisha kiwandani kulikuwa na gharama, basi likaja kuuzwa vipande, mnunuzi ajiungie mwenyewe. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950 ikafuata meli ya Golden Hind, ndani ya mfuko wa plastiki, kwa shilingi mbili za Kiingereza katika maduka ya Woolworths. Kisha ikaja ndege ya Spitfire. Helikopta zilifuata baadaye.

Japani nako kuna mji wa Shizuoka, wenye viwanda vikubwa vya kazi hii. Tamiya ilianza huko mwaka 1946 ikiwa kiwanda cha kupasua mbao, ikaingia katika vichezeo vya mbao, na mwaka 1960 ikatoa meli yake ya kwanza ya plastiki. Hasegawa ni wa mkoa wenye jina hilo hilo. Italia kuna Italeri, Marekani kulikuwa na Revell na Monogram, Korea ya Kusini kuna Academy, na Urusi kuna Zvezda.

Wanaozifahamu kazi hizi huzishindanisha kwa mambo matatu: kipimo, yaani skeli kama walimu wa jiografia wanavyosema, ulaini wa vipande kuingiana, na ukweli wa umbo. Chukua helikopta ya Kimarekani ya UH-1, ile iliyojaa katika picha za vita ya Vietnam. Mapanga yake ya juu, kutoka ncha hadi ncha, ni futi 48. Ukiiunda kwa kipimo cha moja kwa 72, mapanga hayo yanakuwa na inchi 8. Kwa kipimo cha moja kwa 48 yanakuwa inchi 12, sawasawa na rula ya shule. Kwa kipimo cha moja kwa 35 yanapita inchi 16, na hapo meza ya chakula haitoshi tena kwa chakula.

Vipimo hivyo navyo vina hadithi zake. Moja kwa 72 maana yake ni kwamba inchi moja inasimama badala ya futi sita, basi mtu mrefu anakuwa na kimo cha inchi moja. Kampuni ya Kiingereza ya Frog iliuza ndege za plastiki za kipimo hicho tangu mwaka 1936. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule mwaka 1942 walichongee ndege za mbao nusu milioni kwa kipimo hicho hicho, ili askari wajifunze kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui. Moja kwa 35 ilitoka kwenye jambo la kawaida kabisa: Tamiya walipounda kifaru chao mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitaka betri na mota vienee ndani, na ukubwa uliotosheleza betri ndio uliogeuka kuwa sheria ya dunia. Leo Academy hutoa helikopta za kipimo hicho.

Mimi nimeziunganisha mbili, alizoniletea shemeji yangu anayefanya kazi ng'ambo. Moja ilitoka kwenye kalibu ya miaka mingi, nyingine ya karibuni. Kalibu, kwa wasiofahamu, ni chuma kilichochongwa ambamo plastiki iliyoyeyushwa humiminwa ikapata umbo. Ile ya kalibu ya zamani ilikuwa na mistari ya mabati iliyoinuka juu, ukipapasa unaisikia kama kovu, na pande mbili za bodi zilipokutana zilihitaji kusuguliwa kwa msasa. Ile mpya mistari yake ilizama ndani kama inavyostahili, na vipande viliingiana kama kifuniko na sufuria yake. Hata hivyo zote mbili, zilipokwisha, zilikwenda kabatini. Mapanga yanazunguka ukiyasukuma kwa kidole, basi. Kazi yake ni kutazamwa.

Sasa twende Tabora. Chombo kilichokatwa vipande na kusafirishwa ndani ya masanduku si kigeni kwetu. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Juu ya reli hiyo, kupitia Tabora, ilipita meli nzima ya Wajerumani, Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Mafundi watatu kutoka kiwandani waliifuata hadi Kigoma, wakaiunganisha upya pamoja na wafanyakazi wa hapa, ikashuka majini Februari 1915. Nao Wabelgiji walileta ndege nne za kutua majini kwa njia ya Kongo, na Juni 1916 zikaishambulia Kigoma kwa mabomu. Wajerumani waliizamisha Goetzen wenyewe mwezi Julai, na Tabora ikaanguka Septemba 19 mwaka huo. Waingereza waliiopoa meli ile mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hilo ndilo boksi kubwa kuliko yote lililopita Unyamwezi.

Hata huo waya una historia yake. Kabla ya reli palikuwa na misafara, na misafara ilibeba aina tatu kuu za mali kutoka pwani: nguo, shanga na waya. Richard Burton alipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, alikuta waya mnene wa shaba ukiitwa masango, nao ulikuwa fedha kamili, unanunua chakula na kulipa hongo njiani. Lakini Wanyamwezi hawakuuweka ndani kama sarafu. Mafundi waliuvuta ukawa mwembamba, wakausokota, wakatengeneza vitindi vya mikononi na mapambo ya miguuni. Waya ulifika ukiwa malipo, ukageuka kuwa kazi ya mikono.

Ndiyo maana nilipoiona helikopta ya waya pale Isikizya sikuiona kama takataka ya mtoto. Aliyeiunda alikuwa kijana wa darasa la sita. Mifupa yake ni waya wa kufungia nondo. Mapanga ni bati la kopo la maziwa ya unga. Magurudumu yamekatwa kwenye soli ya ndala. Kwenye ekseli umefungwa utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, umepinda robo mzunguko na kupanda hadi kwenye mhimili wa mapanga. Kijana anashika mpini mrefu, anasukuma, magurudumu yanazunguka, na mapanga yanazunguka juu yake. Anakata kona kwa usukani. Anapaa? Hapaa. Lakini vumbi linatimka na wadogo zake wanakimbia nyuma yake kama wanavyoikimbilia helikopta yenyewe.

Na helikopta yenyewe wanaijua wapi? Kwa Mtanzania wa kijijini, kwa muda mrefu helikopta ilikuwa kitu cha jeshi au cha serikali, kinachopita mbali angani. Mwaka 2005 mgombea urais wa Chadema, Freeman Mbowe, aliitumia katika kampeni, na tangu hapo chopa, kama watu walivyoiita, ikawa sehemu ya siasa zetu. Watu walikuja uwanjani kuiona, wengine waliisikiliza hotuba kwa sababu tu ndege ilikuwa bado haijaondoka. Ukitazama maboksi ya ng'ambo utakuta picha za vita: Vietnam, visiwa vya Falkland, Afghanistan. Ile ya Isikizya ilikuwa na kijibendera mkiani na kopo dogo lililotobolewa matundu mbele. Nilipouliza ni nini, niliambiwa kipaza sauti. Kila mtu huunda helikopta aliyoiona.

Sasa tuzilinganishe kwa haki. Kwa umbo, ya boksi inashinda, hakuna ubishi. Mkia wa ile ya waya ni mfupi, mapanga ni makubwa kupita kiasi, na rubani angekuwa mkubwa kuliko injini. Kwa uimara, ya waya inashinda, ikianguka inanyooshwa. Kwa elimu, nadhani inashinda pia. Mwenye boksi anafuata maelekezo ya mtu aliyekwisha kufikiri kwa niaba yake, kipande namba 14 kwenye kipande namba 15. Mwenye waya hana karatasi. Ni lazima ajiulize mwenyewe: mzunguko wa gurudumu lililosimama nitaufikishaje kwenye panga lililolala? Hilo ni swali la uhandisi, na mtoto wa miaka 12 amelijibu kwa tyubu ya baiskeli. Walimu wanaofundisha stadi za kazi wangekuwa na somo zima hapo.

Lakini liko jambo moja ambalo wenzetu wanatushinda vibaya, nalo si ufundi. Ni utunzaji. Viwanda vile hufa, kalibu hazifi. Frog ilipokwisha katika miaka ya 1970, kalibu zake nyingi zilihamia Urusi ya Kisovieti na ndege zake zikaendelea kutoka kwa jina la Novo. Airfix imefilisika na kubadili mikono zaidi ya mara moja, mara ya mwisho ikanunuliwa na Hornby mwaka 2006, na kalibu zake zikafuata. Ndege iliyochongwa wakati babu wa mtu ni kijana inaweza kumiminwa tena mjukuu akaiunganisha.

Kalibu ya helikopta ya waya iko wapi? Imo kichwani mwa kijana wa darasa la sita. Akifika kidato cha pili anaona aibu, anaiacha. Zamani hiyo haikuwa hasara, kwa sababu mdogo wake alikuwa ameketi pembeni akitazama, naye akairithi. Lakini siku hizi plastiki iliyokwisha kuunganishwa imejaa magengeni kwa bei ya chini, na mnunuzi wa chuma chakavu anapita mlangoni akipima kwa kilo. Nilipopita tena Isikizya baada ya miezi michache nikaulizia ile helikopta, niliambiwa ilikwenda na mizani. Ikipita miaka michache bila mdogo wa kutazama, mnyororo umekatika, wala hakuna Urusi ya kuuhifadhia.

Tuna makumbusho Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Ni vizuri, historia ya mgeni yule ni sehemu ya historia ya njia ile. Lakini sijui kwa nini kitu alichokigusa mgeni kwa miezi kadhaa kitunzwe, na kitu kinachoundwa na watoto wa hapo hapo kila mwaka kisipate hata rafu moja. Si kazi ya fedha nyingi. Shule ichague vichezeo vitatu kwa mwaka, mwalimu aandike jina la muundaji, kijiji na tarehe, apige picha, avifungie kabatini. Ofisa utamaduni wa wilaya akusanye kutoka shule kumi. Baada ya miaka ishirini tutakuwa na kumbukumbu ya kila chombo kilichopita katika nchi hii, kilivyoonekana kwa macho ya mtu mdogo aliyesimama kando ya barabara.

Na wewe mzazi uliyeko mjini, kabla hujamnunulia mwanao ile ya dukani, mpe kwanza kipande cha waya na koleo, ukae naye. Kama huna la kumwonyesha, mwache akuonyeshe yeye.

Kiswahili chetu kina neno moja, kutunza, lenye maana mbili: kumtuza mtu anayecheza vizuri, na kukihifadhi kitu kisipotee. Mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumekuwa wepesi wa kupiga makofi. Ile maana ya pili bado tunadaiwa.